Tisini na Tisa Si Mavuno

Kilosa

Treni ya umeme imetushusha Kilosa asubuhi, na kabla sijatafuta bodaboda nimeandika namba mbili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: 1,435 na 1,000. Ya kwanza ni upana, kwa milimita, wa reli mpya niliyokuja nayo kutoka Morogoro, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Ya pili ni upana wa reli ya kati ya zamani, ile iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, ambayo ndiyo iliyoufanya mji huu ukawa mji. Reli hizi mbili zinafuata bonde moja la Mkondoa, lakini behewa la moja haliwezi kukanyaga nyingine. Najua nitazihitaji namba hizi mbele ya safari.

Mkobani nina kompyuta mpakato, kisomeo cha disketi cha kuchomeka kwa waya, pamba, spiriti na penseli mbili. Nimeitwa. Mtafiti mstaafu wa mtama, ambaye miaka ya tisini nilikuwa karani wake wa takwimu, alinipigia simu akasema ana boksi la disketi, macho yanamwishia, na hataki kuzikwa na kazi ya watu. "Njoo na hicho kidude chako," alisema. Sikuhitaji kubembelezwa. Nimemaliza miaka mingi nikifundisha watu kutunza nyaraka, na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo ninavyoona kwamba tumekuwa tukitunza nusu ya kitu. Takwimu tunaziweka kabatini. Programu iliyozizaa tunaitupa pamoja na kompyuta mbovu.

Nyumba yake iko upande wa mtoni. Maji ya Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yale yaliyozoa tuta la reli na kuwapeleka maelfu ya wakazi wa Kilosa kwenye mahema, yaliingia chumba chake cha vitabu hadi usawa wa dirisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo penye mwanga. Mama anapika chai, lakini we anza, chai itakukuta kazini."

Alinionyesha kwanza madaftari ya shamba. Baada ya mafuriko mkewe aliyaanika kwenye mkeka, ukurasa kwa ukurasa, kila ukurasa na kijiwe chake. Majalada yamejikunja kama tumbaku iliyokaushwa na karatasi imekuwa na rangi ya chai ya rangi. Kilichoandikwa kwa wino kimeyeyuka kikawa wingu la buluu. Cha penseli kipo chote: kitalu, rudio, aina, idadi ya masuke, uzito. Nilisoma mstari wowote nilioutaka.

Kisha likaja boksi la viatu. Disketi ishirini na tatu, kila moja ya megabaiti 1.44, nafasi isiyotosha hata picha moja nzuri ya simu ya leo. Boksi hili lilikuwa juu ya kabati, maji hayakulifikia. Lililolifikia ni joto la Kilosa na unyevu wake. Nilisogeza kifuniko cha bati cha disketi ya juu. Kwenye kisahani cheusi cha ndani kulikuwa na madoa meupe ya ukungu, madogo kama chembe za chumvi, yamejipanga duara kufuata mzunguko wa kisahani. Nikayafuta kwa pamba yenye spiriti, nikikizungusha kisahani kwa ncha ya kidole, polepole, kama mtu anayemsafisha mtoto mchanga jicho.

Kisomeo kina sauti mbili. Ukisikia mkwaruzo laini unaosonga mbele, faili linakuja. Ukisikia kishindo kidogo kinachojirudia palepale, kak, kak, kak, usingoje. Hadi adhuhuri disketi tisa zilikuwa zimesomeka zote, nne zimetoa vipande, kumi zimekaa kimya. Mzee hakusema neno kuhusu zile kumi. Alizipanga upya kwenye boksi, akafunga.

Hizo tisa zenyewe zilikuwa na mtihani wa pili. Nilipofungua faili la kwanza kwa programu ya kawaida ya kuandikia, kioo kilijaa vimraba, alama na herufi za Kigiriki, na hapa na pale jina la mtama likichungulia: Tegemeo, Pato. Takwimu zilikuwemo, ila zilikuwa zimefungwa kwa namna ambayo programu moja tu ndiyo inayojua kuzifungua. Programu hiyo ni MSTAT, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, kwa ajili ya watafiti wa mazao. Miaka ya themanini na tisini ukisema "chambua" kati ya watafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki, wengi walielewa MSTAT. Ilikuwa ndogo, iliendeshwa na kompyuta dhaifu, haikudai kitu zaidi ya mfumo wa DOS. Kompyuta za sasa za Windows, zinazofanya kazi kwa biti 64, haziiendeshi kabisa. Ukiibonyeza inakujibu kwamba haiwezi kufanya kazi kwenye mashine yako, basi. Na ile kompyuta tuliyokuwa tukitumia iliuzwa kwa mnada zamani, pamoja na viti.

Nilizipitia tena zile tisa. Moja ilikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, imeandikwa kwa herufi kubwa: USITUPE. Niliutambua mwandiko. Ulikuwa wangu, wa miaka karibu thelathini iliyopita, na ndani yake nilikuwa nimenakili programu nzima.

Kompyuta yangu ina DOSBox, programu ya bure iliyotoka mwaka 2002, ambayo kazi yake ni kujifanya kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Ilitengenezwa na watu waliotaka kucheza tena michezo yao ya utotoni, na leo inawasaidia watunza nyaraka dunia nzima. Nikaiwekea MSTAT mbele yake. Kioo kikageuka, orodha ya majina mafupi ikajipanga: FACTOR, RANGE, na mengine. Mzee, ambaye asubuhi nzima alikuwa akisogeza karatasi hadi puani ili aone, alinyoosha mkono bila kutazama, akabonyeza vitufe vitatu kwa mfululizo, na faili la majaribio ya mtama ya mwaka mmoja wa njaa likafunguka. Vidole vilikuwa vinakumbuka njia.

Tukashuka nalo mstari kwa mstari, mimi nikisoma faili, yeye akisomewa daftari na mjukuu wake. Kwenye safu ya uzito namba zilikuwa za kawaida, 2.31, 1.87, 2.04, halafu ghafla 99.

"Mzee, kitalu gani hiki kinatoa kilo tisini na tisa?"

"Tisini na tisa si mavuno, mwanangu. Hapo kwelea walikula."

Nikakumbuka. Tulipokuwa tukichambua, tuliiambia programu iiruke mistari yenye 99. Tuliiambia hivyo kwenye kioo, siku ile ile, kwa kubonyeza. Hatukuandika popote. Kwenye daftari la shamba mahali pale pana kistari tu.

Chini zaidi kulikuwa na 98.

"Na hii?"

Akanyamaza. Mjukuu akamtazama. "Tisini na nane," akasema, "hiyo nayo nilikuwa naijua." Chai ikaja, tukanywa, hakuikumbuka.

Msovero, kwa kuipitia tu

Kuna karatasi moja ya wilaya hii ambayo kila aliyesoma historia Tanzania anaijua. Mwaka 1884 Mjerumani Karl Peters alipita Usagara akikusanya mikataba, na miongoni mwa walioweka alama zao alikuwa Mangungo wa Msovero. Shuleni tulifundishwa jina lake kama somo la ujinga: mtawala aliyeitoa ardhi yake akidhani anafunga urafiki. Nilipokuwa kijana nililikubali somo hilo. Sasa silikubali tena. Mkataba ulikuwa kwa lugha ambayo Mangungo hakuwa na njia ya kuisoma, na aliyekuwa na njia ya kuisoma ndiye aliyenufaika nao. Alichokosa si akili. Alikosa kisomeo.

Nalitaja hili kwa sababu nimeona ofisi zenye makabati ya disketi na CD zilizopangwa vizuri, zenye namba na orodha, na wahusika wakiamini wamehifadhi. Wana karatasi ya Mangungo. Kitu wanacho, kukisoma hawawezi, na siku wakikihitaji watalazimika kumwomba mtu wa mbali aliye na programu, kama bado yuko na kama atakubali. Programu nyingi za utafiti zilikuja na leseni: namba ndefu ya kuandika ili ifunguke, au kidude cha kuchomeka nyuma ya kompyuta ambacho bila hicho haiamki. Kampuni ikifungwa, namba haipatikani tena. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda programu kama inavyolinda vitabu, na ni haki. Tofauti ni kwamba mwandishi wa kitabu hawezi kukizuia kisifunguke baada ya miaka ishirini.

Ilonga

Jioni nilikwenda Ilonga, kilomita chache kutoka mjini, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo ambacho sasa kiko chini ya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya taifa. Sikuwa na miadi, nilitaka tu kuiona mitama ikiwa shambani. Wakulima wa nyanda za chini wanaijua Ilonga kwa mbegu kuliko kwa ramani. Mahindi ya Staha, yaliyoruhusiwa mwaka 1983, yamepandwa na watu ambao hawajawahi kufika Kilosa.

Watu wa mbegu wana tabia ambayo sisi wa nyaraka tungepaswa kuwa nayo. Hawaamini ghala. Mbegu ikikaa, hupimwa kama bado inaota, na uotaji ukishuka hupandwa, huvunwa, hurudishwa ghalani ikiwa changa. Kuna kalenda ya kazi hiyo. Huko Svalbard, kaskazini mwa Norway, ghala la mbegu la dunia lilifunguliwa mwaka 2008 ndani ya mlima wenye barafu, na mwaka 2020, kwenye mgodi wa zamani wa makaa jirani yake, kampuni ya GitHub iliweka mizingo 186 ya filamu yenye misimbo ya programu huria, terabaiti 21. Mlima mmoja, mbegu na programu. Lakini filamu zile hazina anayezipanda kila baada ya miaka kadhaa aone kama bado zinaota, na hilo ndilo linalonisumbua kuhusu maghala yote mazuri ya programu: kuweka kumefanyika, kuotesha bado.

Njiani, kupitia Ulaya

Gari la Mikumi linapita Ulaya. Wageni huuliza mara mbili wakilisikia jina. Kwa watu wa huku Ulaya ni kata ya Kilosa, ina soko na shule. Barabara inakwenda upande mmoja na tawi la reli la Kilosa hadi Kidatu, lililofika Kidatu miaka ya sitini. Hapa ndipo nilipoihitaji namba yangu ya pili.

Kidatu tawi hili linakutana na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Reli yetu ya kati ni milimita 1,000, TAZARA ni 1,067. Tofauti ni milimita 67, hazifiki upana wa kiganja, na kwa sababu ya hizo behewa la kutoka Kigoma halikuweza kamwe kufika Zambia. Mwaka 1998 kikafunguliwa kituo cha kuhamishia mizigo: kontena lilinyanyuliwa kutoka behewa la reli moja, likatuliwa kwenye behewa la reli nyingine, safari ikaendelea.

Wanaohifadhi programu wamegawanyika kwenye njia hizo hizo mbili, na nimekaa kwenye vikao vyao vikali. Wapo wanaosema: hamisha mzigo. Kila muundo wa faili unapozeeka, yatoe yaliyomo uyaweke kwenye muundo mpya, na behewa la zamani liache life. Wapo wanaosema: itunze reli ya zamani ipitike, yaani tunza programu yenyewe na mashine ya kuigiza mazingira yake, kama nilivyofanya sebuleni kwa mzee. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale ilianza mwaka 2018 kuongoza mradi mkubwa wa njia hii ya pili, kwa teknolojia iliyoanzia Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani: msomaji anafungua kivinjari chake, na ndani yake inaamka kompyuta ya mwaka 1995 pamoja na programu zake.

Kontena la Kidatu linanionyesha kwamba kuhamisha huwa rahisi pale tu walipokubaliana vipimo vya sanduku kabla ya safari kuanza. Wakutubi wanalijua hili kuliko watafiti. Mwaka 1985 UNESCO ilianza kugawa bure CDS/ISIS, programu ya kuorodheshea vitabu iliyobuniwa na Giampaolo Del Bigio, na katika miaka iliyofuata ikaingia kwenye maktaba nyingi sana za Afrika. Leo programu hiyo ni mzee wa kijiji. Lakini ilijua kutoa orodha zake kwa kipimo cha kimataifa, ISO 2709, hivyo maktaba zilipohamia kwenye mifumo mipya kama Koha, orodha za miaka kumi na tano zilinyanyuliwa kama kontena. MSTAT ya mzee haikuwa hivyo, au ilikuwa hivyo na sisi hatukuijali. Kutoa nakala ya maandishi matupu, ambayo programu yoyote ingeyasoma, kungetuchukua dakika chache kila Ijumaa.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema hamisha mzigo na yaishe. Ile 99 ingehama salama. Ingefika kwenye muundo mpya ikiwa 99, safi, bila kwelea.

Mikumi

Mikumi ni mji wa malori. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inakata hifadhi kwa kiasi cha kilomita hamsini, na nyani wanakaa kando ya lami wakiyatazama magari kama wenye mali. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, na tangu 1974 hao nyani wa manjano wamekuwa wakifuatwa na watafiti: Ramon Rhine, kisha Guy Norton na wengine, pamoja na wasaidizi Watanzania waliokaa nao muda mrefu kuliko profesa yeyote. Samuel Wasser, ambaye baadaye alijulikana duniani kwa kutumia vinasaba kufuatilia pembe za ndovu zilizoibwa, alijifunzia kazi ya porini hapa.

Mwaka huo 1974 una mambo mengi ndani yake. Ndio mwaka Jeanne Altmann alipochapisha makala iliyowafundisha watafiti wa tabia za wanyama namna ya kuhesabu wanachokiona. Na ndio mwaka serikali yetu ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kazi ya mashine zilizonunuliwa Hazina tangu 1965 kuleta hasara na mkanganyiko. Kwa hiyo utafiti wa nyani wa Mikumi ulianza kwa penseli, katika nchi iliyokuwa imefunga mlango wa kompyuta. Silaumu katazo lile hata kidogo nikikumbuka nilichokiona juzi kwenye boksi la viatu. Kilichokosekana hakikuwa mashine, kilikuwa watu wa kuzijua na kuzitunza, na hilo katazo halikulitibu.

Linganisha na jirani. Amboseli, Kenya, nyani wa jamii hiyo hiyo wanachunguzwa tangu 1971. Huko waliamua kwamba kanzidata yao, waliyoiita Babase, ni sehemu ya utafiti na si chombo cha ofisini: ina kitabu chake kirefu cha maelezo, kila safu imeelezwa, kila msimbo una maana yake iliyoandikwa, mabadiliko yanafuatiliwa. Mtu asiyewahi kufika Amboseli anaweza kukisoma akajua nyani aliyeandikwa kuhama kundi alihamaje. Gombe nako kuna funzo lingine. Baada ya watafiti vijana wanne kutekwa mwaka 1975 na wageni kuondoka, wasaidizi wa Kitanzania ndio walioendelea kuwafuata sokwe na kuandika, kwa Kiswahili, siku baada ya siku. Maandishi hayo baadaye yalipelekwa kwenye hifadhi Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, yakawa yanatafsiriwa na kuingizwa kwenye kanzidata. Mimi nafurahi kwamba yako salama, na wakati huohuo nawaza: ili Mmarekani aisome Gombe ilibidi apate anayejua Kiswahili. Safari hii kisomeo kilikuwa chetu.

Njia inayochepuka hapa Mikumi inakwenda Kidatu, Mang'ula na Ifakara. Ifakara, mwaka 1996, kaya za Kilombero na Ulanga zilianza kutembelewa na watafiti kila baada ya miezi minne kuandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Programu ya kwanza waliyoitumia ilitoka Navrongo, Ghana, na ilijengwa juu ya FoxPro. Mwaka 2007 Microsoft ikatangaza kwamba FoxPro haitakuwa na toleo jingine, na mwaka 2015 ikaacha kuihudumia. Wa Ifakara walihama kwenda OpenHDS na vifaa vya mkononi. Fikiria uzito wa mzigo huo: mtoto aliyeandikwa 1996 lazima awe mtu yuleyule kwenye mfumo mpya akiwa mama wa watoto wawili. Kuhama huko ni kazi ya kitaalamu kama kupasua moyo, na sijaona anayeipa tuzo.

Kwenye nyumba ya wageni nimekutana na binti wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, anayetumia kamera za mtegoni kuhesabu wanyama. Aliponiona na kisomeo cha disketi aliniamkia, akauliza kama ni chaja. Nikamweleza. Akasema kwa heshima kwamba yeye anatumia R, programu ya bure, msimbo wake uko wazi, hayo ya kina MSTAT hayatampata. Nikamwomba aendeshe kazi aliyoandikiwa na mwanafunzi aliyemtangulia mwaka 2018. Ikakwama mstari wa kumi na kitu. Tulikaa nayo hadi saa nne usiku tukakuta chanzo: kabla ya toleo la 4.0.0 la Aprili 2020, R ikisoma jedwali ilikuwa inayageuza maneno kuwa makundi yenyewe bila kuambiwa. Tangu hapo haifanyi hivyo. Mwanafunzi wa 2018 hakuandika alitumia toleo gani. Uzuri wa R ni kwamba matoleo yake yote ya zamani yamehifadhiwa, yanapatikana. Binti ameshusha lile la 2018, kazi imeenda. Kisha, bila kuambiwa, akaandika namba ya toleo juu kabisa ya ukurasa wake.

Kinachohifadhi R ni jamii ya watu wanaojali. Kwa programu nyingine ipo Software Heritage, iliyoanzishwa na taasisi ya Inria, Ufaransa, mwaka 2016, na kuungana na UNESCO mwaka uliofuata; inakusanya misimbo ya programu kutoka kila pembe, faili mabilioni, na kila faili lina namba ya kudumu ambayo mtafiti anaweza kuitaja kama anavyotaja ukurasa wa kitabu. Mtanzania yeyote anaweza kupeleka kazi yake humo leo, bila malipo.

Lakini hiyo ni hifadhi ya Paris, nami nataka na ya kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu kutoka Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Watu walikaa wakabishana neno kwa neno jinsi kompyuta itakavyomwita mtu afungue, ahifadhi, afute. Kwangu hiyo ni kazi ya lugha ya kuwekwa rafu moja na kamusi. Maktaba Kuu ya Taifa, aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ina desturi njema ya wachapishaji kupeleka nakala za vitabu vyao. Programu hazina desturi hiyo, na kwenye rafu za maktaba nilizopita miaka yote hii sijaikuta CD ya Jambo. Morogoro ina Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1991. Ningekuwa na sauti, ningeomba chumba kimoja pale: kisomeo cha disketi, mashine ya kuigiza DOS, nakala ya kila programu iliyowahi kuchambua zao la Tanzania, na kijana mmoja mwenye mshahara ambaye kila mwaka anaziamsha zote aone kama bado zinaota.

Saa tano kasoro simu ikaita. Alikuwa mke wa mzee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujalala? Baba yako hapa anajigeuzageuza kwa ajili ya tisini na nane. Mimi nimemwambia naikumbuka. Ni vile vitalu vilivyovunwa usiku."

"Viliibwa?"

"Sisi vibarua ndio tuliokuta asubuhi. Mabua yamesimama, masuke hayapo, yamekatwa kwa kisu. Tulimwomba asiandike wizi. Mwaka ule watu walikuwa na njaa, na wale tuliwajua. Akasema basi nitaandika namba."

"Walikata popote, mama, au walichagua?"

"Walichagua. Ile iliyotangulia kukomaa, laini, ya kupikia ugali mweupe. Hata sisi tungechagua hiyo."

Nikamshukuru, nikafungua kompyuta. Kwanza nikaandika kwenye faili la maandishi matupu, lisilohitaji programu yoyote: 99, kwelea; 98, vilivunwa na watu usiku, aina iliyokomaa mapema, amesema mama wa nyumba, aliyekuwepo. Kisha nikaiamsha MSTAT nikatafuta kila 98. Zilikuwa tano. Nne kati yake zilikuwa za aina namba 7.

Nakala ya ripoti ya mwaka ule ninayo, mzee alinipa. Ukurasa wa mwisho, kwenye orodha ya aina zilizoondolewa, ipo namba 7, na mbele yake sentensi niliyoichapa mimi: imeachwa kwa kukosa takwimu za kutosha.